Gari la Ukurasa wa Mwisho

4 Novemba

Mvua imeanza leo hapa Makere, na mimi nimeanza kuandika. Tuone nani atachoka kwanza.

Shajara yenyewe nimepewa na Bi Asmahani, mwenye steshenari ninakofanya kazi Kasulu mjini. Ni ya mwaka uliopita, ilikosa mnunuzi, kwa hiyo nazikata tarehe zake na kuandika zangu. Aliniwekea mezani akasema, "Chukua, Winifrida mwanangu. Huongei, hulii, unachapa barua za watu tu. Andika humo hata matusi." Bi Asmahani ni mtu wa Tanga aliyeletwa huku na ndoa, mume akafa, duka likabaki. Anaongea huyo! Mteja akija kutoa kopi ya cheti, anaondoka ameshaulizwa mpaka habari za bibi yake.

Haya, naandika. Dada yangu Niyubahwe alifariki mwezi wa nane, Kigoma mjini, kwa maradhi ya figo. Aliondoka hapa nyumbani kwa gari la wagonjwa, jeupe lenye mstari mwekundu, taa inazunguka juu. Ameacha binti mmoja, Ndayikunda, ambaye tunamwita Kunda na ambaye hajatimiza miaka minne. Baba yake alikwenda Geita kwenye machimbo kabla mtoto hajazaliwa, na nyumbani kwetu hatajwi.

Kunda hajaambiwa. Mama alisema asiambiwe, na ukoo mzima ukaitikia. Huku ndivyo tunavyofanya: mtoto mdogo haonyeshwi jeneza, na akimuuliza mtu wake anaambiwa amesafiri. Siku ile mimi ndiye niliyemwambia. "Mama amepanda gari, amesafiri, atarudi." Nikamfuta kamasi, nikampa biskuti.

6 Novemba

Mvua. Matope mpaka kwenye masikio. Hakuna jipya.

9 Novemba

Kila anayepita hapa anasema Kunda anapenda magari. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya Kibondo, na tangu lami ifike hatuna utulivu: malori ya chakula cha kambini, mabasi, magari meupe ya mashirika, bajaji, bodaboda. Kunda anayajua kwa mlio. Yuko ndani anakunywa uji, ghafla anaacha kikombe: "Semi!" Anakimbilia barazani. Na kweli ni semi. Tipa, boza, greda, katapila, yote anayo kichwani. Mama Moses, jirani yetu, anamcheka na kumwita dereva.

Leo nilijaribu kumsimulia hadithi ya sungura na fisi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, "Sungura ana magurudumu?" Nikasema hana. Akashuka mapajani, akaenda zake.

15 Novemba

Nimemtengenezea kitabu! Dukani kuna karatasi nyingi zilizoharibika upande mmoja, na mimi mkono wa kuchora ninao tangu shule. Nimechukua ile hadithi ya msichana wa nguo nyekundu anayempelekea bibi yake chakula, nikamgeuza kuwa bajaji. Bajaji Nyekundu anatumwa ampelekee bibi uji. Njiani anakutana na tipa lenye njaa, mdomo wazi, linamdanganya apite njia ya mkato, kisha linatangulia na kumsubiri kwa bibi limejifunika shuka. "Bibi, mbona taa zako kubwa hivyo?" Hapo tipa linammeza. Greda anapita, anasikia honi inalia ndani ya tumbo, analiinua tipa kwa nyuma na kulimwagisha chini.

Nilipofika mwisho Kunda hakucheka. Alifunua karatasi ya nyuma kutazama kama kuna kingine.

"Bajaji imerudi?" akauliza.

"Imerudi wapi?"

"Nyumbani."

Nikachukua kalamu, nikaongeza ukurasa. Nikachora nyumba yetu, mlango wa bluu, mti wa parachichi, na Bajaji Nyekundu imesimama mbele ya baraza. Aliutazama ukurasa huo kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Nikajisifu moyoni kwamba nimempendeza mtoto.

16 Novemba

Ameomba asomewe tena. Na tena. Na tena. Sauti imeniisha.

28 Novemba

Bi Asmahani amekiona kitabu. Nilikuwa nacho kwenye mkoba, akachungulia, hana adabu huyu mama. Nikadhani atanigombeza kwa karatasi zake. Akakisoma chote amesimama, anacheka peke yake pale kwenye tipa lililojifunika shuka, halafu akakipiga lamineshini na kukifunga vizuri kwa plastiki pembeni. Nyuma akagonga muhuri wa duka wenye namba ya simu.

"Hiki tunauza," akasema. "Watoto wote wa mji huu wana wazimu wa magari."

Nikamwambia nitafikiri. Akasema mimi nifikiri, yeye anatoa kopi.

10 Desemba

Cha pili kimekwisha. Wale mbuzi watatu na zimwi la chini ya daraja wamekuwa pikipiki, Noah na semi, wanavuka Malagarasi kwenda kula nyasi. Nikakumbuka magari hayali nyasi, nikaandika mafuta. Kunda anapenda semi linavyosema: "Nani ameuliza nani anapita?" Analisema kwa sauti nene mpaka mama anacheka, na mama hajacheka tangu mwezi wa nane.

Ukurasa wa mwisho: wote watatu mbele ya mlango wa bluu. Sasa najua, sijisumbui kumaliza bila huo.

11 Desemba

Mvua ya mawe. Imetoboa majani yote ya mahindi.

25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku, kanisani nguo mpya. Mama alimsuka Kunda, akampaka mafuta mpaka anang'aa. Baada ya ibada watu walikuwa wanamshika shavu na kumtazama kwa ile huruma yao ya kulegeza shingo, na mtoto anawatazama tu. Mmoja alikuwa anafungua mdomo kusema "pole," mama akamkata jicho.

Chakula kilipopakuliwa Kunda akachukua sahani akaweka pembeni paja moja la kuku. "La mama," akasema. "Leo kuna magari mengi."

Mama akasema, "Ego, ndiyo, mwana wanje. Liweke." Akainuka akaenda jikoni. Nilimfuata nikamkuta amegeukia ukuta. Nikataka kumshika bega, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa na hasira. Ni yeye aliyetuweka hapa. Kama tungesema ile siku ya kwanza, leo paja lingeliwa.

Jioni paja lililiwa na paka. Kunda hakuuliza. Nadhani alijua ni paka.

8 Januari

Tunavuna maharage. Mgongo.

14 Januari

Cha tatu. Yule binti wa kifalme aliyelala miaka mingi nimemfanya basi. Basi zuri limerogwa, limelala gereji, miiba imeota mpaka kwenye vioo, kuku wanataga kwenye viti. Anakuja fundi, anafungua boneti, anamimina maji kwenye rejeta, anaita jina lake sikioni. Basi linaamka, linapiga honi, kuku wanaruka.

Nilikiandika ndani ya siku moja. Nilipokuwa nachora fundi ameinama nilijikuta nalia, machozi yakaanguka kwenye rangi na kuiharibu. Nilimwona Niyubahwe kitandani Kigoma. Niliita jina lake sikioni mimi pia. Nililiita sana.

Kunda alipenda kuku. Kisha akauliza lile swali lake.

2 Februari

Mvua imepumzika, jua kali, vumbi limerudi. Bi Asmahani anasema vitabu vinakwenda kama maandazi ya moto. Dereva mmoja wa basi la Kasulu na Kibondo, Nurudini, amechukua cha semi kwa ajili ya mwanawe, na anasema kondakta wake anakisoma kuliko mtoto.

9 Februari

Leo nimegombana na Bi Asmahani. Tulikuwa tunakata kopi za kitabu cha nne, kile cha trekta lenye majivu lililokatazwa kwenda harusini. Wateja hakuna. Akaanza taratibu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Winifrida, watoto wa wateja wangu nimewauliza. Mmoja anapenda tipa kumeza. Mwingine anapenda zimwi. Mwingine kuku kwenye basi. Hakuna hata mmoja aliyenitajia ukurasa wa mwisho. Wanauruka."

"Sasa?"

"Wako anaupenda huo tu. Umeliona hilo?"

Nikasema kila mtoto na lake.

"Huyo mtoto hapendi magari, mwanangu," akasema. "Huyo anasubiri gari. Na wewe unamchorea linavyofika."

Nilimwambia mambo ya nyumbani kwetu hayamhusu, kwamba yeye hana mtoto hajui. Hilo la mwisho nililisema kwa makusudi na lilimpata. Alikunja midomo, akaendelea kukata karatasi. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka kabla ya saa.

Njiani kwenye bodaboda nilikuwa bado namtukana moyoni. Nilipofika nyumbani Kunda alikuwa barazani, ameketi kwenye kigoda, uso kwenye barabara. Likapita gari la mashirika, jeupe. Alisimama. Likapita lote. Akaketi. Nimemwona akifanya hivyo tangu mwezi wa nane na nilikuwa namwita dereva kama wengine.

10 Februari

Nimemwomba radhi Bi Asmahani. Akasema, "Yameisha, kata karatasi."

11 Februari

Nimemwambia mama tumwambie mtoto. Akakataa: "Oya." Nikasema anateseka. Akasema, "Anakula, analala, anacheza. Wewe ndiye unayeteseka, usimvike yeye."

Nikamwona mama yangu ni mtu wa jiwe. Nalikata neno hilo, halafu naliandika tena, kwa sababu ndivyo nilivyomwona.

20 Februari

Sijachora. Kunda anauliza kitabu kipya. Nasema rangi zimekwisha.

3 Machi

Mvua imerudi kwa nguvu. Imebeba daraja dogo la miti kule shambani.

12 Machi

Nisipoandika leo sitaandika tena.

Saa sita mchana mama alinipigia dukani. Mama huwa hapigi simu, hubipu. Alisema neno moja tu: "Kunda." Nikadhani amegongwa. Bi Asmahani aliniona uso, akafunga duka bila kuuliza, hakuuliza kitu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasimamisha bodaboda akanipakia.

Mvua ilikuwa ya kuchapa. Nilipofika, majirani wote walikuwa nje na mifuko ya plastiki vichwani. Mama Moses alikuwa anachungulia kisimani na fimbo. Wanaume walikuwa wanapita kwenye mitaro ya barabara, ile mipya ya zege, maji yamejaa yanakwenda kwa kasi, wanapiga magoti na kuingiza mikono kwenye makalavati. Niliwaona wanavyoingiza mikono, taratibu, kama mtu anayeogopa kupata. Mama alikuwa amesimama katikati ya uwanja, amelowa, khanga imeshikana na mwili, anarudia: "Nilikwenda kuchukua kuni tu. Nilikwenda kuchukua kuni tu." Viatu vya Kunda vilikuwa barazani. Kitabu cha bajaji hakikuwepo.

Nilishuka mtaroni. Maji yalikuwa mpaka kiunoni. Nakumbuka nilikuwa namwambia Niyubahwe, kwa sauti, watu wananisikia, "Nisamehe, nisamehe, ulinipa mtu mmoja tu."

Simu iliyoniokoa ilikuja kwa Bi Asmahani. Nurudini, yule dereva, alikuwa stendi ya Kibondo. Abiria wote wameshuka, kiti cha tatu amebaki mtoto wa kike, peku, na kitabu cha bajaji kifuani. Nyuma ya kitabu kuna muhuri wa duka. Akapiga, na Bi Asmahani akatupigia.

Alivyofika huko ndivyo watoto wanavyopanda mabasi yetu. Basi lilisimama hapa kwetu kumchukua mama mmoja mwenye mizigo na watoto wake. Kunda akasimama mlangoni kati yao, ananyoosha mikono juu. Kondakta akamnyanyua kama alivyowanyanyua wengine, akampa abiria, abiria akampa abiria, mpaka akafika kwa mama mtu mzima aliyesema, "Leteni nimpakate." Huyo alidhani mzazi wake amekaa nyuma. Wa nyuma walidhani huyo ndiye bibi yake. Wakampa karanga, akalala. Kibondo yule mama akamweka kwenye kiti, akashuka na safari yake. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Sisi sote tungefanya hivyohivyo.

Nurudini alimrudisha jioni kwa zamu yake ya kurudi, amemkalisha mbele karibu yake, amemfunika jaketi. Kunda alishuka anatabasamu. Mama alimnyakua, akamkumbatia, akampiga kofi moja la matako, akamkumbatia tena, akaanguka naye chini kwenye matope.

Mimi nilibaki na dereva. Ni mtu wa makamo, mpole, kofia ya kufuma.

"Dada, mtoto ameniuliza kama gari langu huwa linarudi," akasema. "Nikamwambia linarudi kila siku, hiyo ndiyo kazi yake. Akasema, basi limfuate mama. Safari nzima ananiuliza kama tumefika kwa mama. Nimemwahidi nikipita huko aliko nitampa salamu. Sasa nielekeze, yuko upande gani? Kakonko? Au kavuka Nyabibuye kwenda Burundi?"

Sikuweza. Yule mtu alinitazama, akamtazama mama yangu pale chini, akaelewa. Akavua kofia. "Inna lillahi," akasema polepole. "Na mimi nimemwambia linarudi kila siku."

13 Machi

Kunda ana homa. Sijaenda kazini.

14 Machi

Homa imeshuka. Nimemwambia mama nitamwambia mtoto mimi mwenyewe, atake asitake. Nilisema kwa ukali, nikamwita mwongo. Sijawahi kumsemesha mama yangu hivyo. Nilidhani atanirushia mwiko.

Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisikia, mimi mwanawe wa kuzaa.

"Mwaka sabini na mbili nilikuwa sijaota meno ya ukubwa," akasema. "Tulitoka Burundi kwa miguu, tukavukia Nyabibuye. Baba alikuwa nyuma anasaidia wazee. Likaja lori la kuchukua kina mama na watoto. Mimi nikalia, simwoni baba. Mama yangu akaniambia, 'Nyamaza Esteri, anakuja na lori la nyuma.'"

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Tukakaa Kumsenga. Kila lori likija nakimbia. Nimeolewa, nimemzaa Niyubahwe, nimekuzaa wewe, nimepewa na uraia, kadi ninayo. Mama yangu amekufa mzee, hajaniambia neno jingine. Mpaka leo, Winifrida, likipita lori kuukuu natazama nani anashuka. Najua. Si mjinga, najua. Lakini nimejijulia mwenyewe, hakuna aliyeniambia."

"Sasa mama, kama unajua inavyouma, kwa nini?"

"Ndicho nilichopewa. Sikuwa na kingine cha kumpa."

Nilikaa chini karibu naye tukachambua mchele wote. Mama yangu si wa jiwe. Miaka yote hii tumekaa kando ya barabara hii na sikujua kwamba naye anaitazama.

22 Machi

Nimejaribu kuchora kitabu ambacho gari halirudi. Nimeanza lile zimwi lenye ngoma na binti anayeimba ndani: boza limembeba pikipiki mdogo tumboni, anaimba. Nikafika ukurasa wa mwisho, nikachora mlango wa bluu, na mbele ya mlango sikuchora kitu. Niliutazama uwanja ule mtupu. Nikakunja karatasi nikaichoma jikoni.

30 Machi

Mvua. Bi Asmahani ametuma sukari na jaketi la mtoto. Ndani ya mfuko wa jaketi ameweka bajaji ya plastiki. Nyekundu.

4 Aprili

Mama amesema Pasaka ikipita tutampeleka Kunda Kumsenga, na atasema yeye. "Wewe utachora baadaye," akasema. "Hili linasemwa na mdomo."

18 Aprili

Tumekwenda. Basi la Nurudini mpaka Kibondo. Alikataa nauli. Kutoka hapo bodaboda mbili mpaka Kumsenga, kwenye shamba la mjomba ambako watu wetu wote wamelazwa. Mvua ilikuwa imekata asubuhi hiyo, udongo mwekundu umelainika, mihogo inadondosha maji.

Kunda alivaa jaketi jipya. Alikuwa na furaha, amepanda magari mawili kwa siku moja. Kaburi la Niyubahwe limeota nyasi, saruji bado, msalaba wa mbao una jina kwa rangi nyeupe, rangi niliyoipaka mimi.

Mama alipiga magoti ili awe sawa naye kwa kimo. Aliongea Kiha, na Kirundi chake cha utotoni kikiingia katikati. Alimwambia mama yako alikuwa anaumwa. Gari lilimpeleka kwa madaktari, wakamtibu, ikashindikana. Alifariki. Akifariki mtu haumwi tena, halali njaa, lakini pia haamki wala harudi. Tulimleta hapa, tukamlaza hapa chini. Tulikudanganya kwamba amesafiri kwa sababu tuliogopa kukuona unalia. Alisema yote hayo bila kusita, mkono mmoja juu ya udongo, na machozi yanamtiririka, hayafuti.

Kunda alitazama kaburi. Akatazama njia tuliyokuja nayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa tayari kumbeba.

"Alikuja na gari gani?" akauliza.

Mama hakuelewa. Nikajibu mimi. "Pikapu. Ya bluu."

"Kutoka kule alikosafiri?"

"Ndiyo. Kutoka Kigoma."

"Lilipita nyumbani?"

Lilipita. Lilisimama mbele ya mlango wetu, chini ya parachichi, majirani wote wakaaga. Lilisimama palepale ninapoyachora magari yote. Nikasema ndiyo, lilipita.

"Mimi nilikuwa wapi?"

Nikamtazama mama, mama akatazama chini. Alikuwa kwa Mama Moses. Tulimpeleka tangu asubuhi, tukasema asitoke mpaka tumfuate, akapewa maandazi.

"Ulikuwa kwa Mama Moses," nikasema.

Alifikiri. Uso wake ulianza kubadilika, polepole, kidevu kwanza.

"Kumbe alirudi," akasema. "Alirudi, na hamkuniita."

Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kusikia mtoto mdogo akilia namna ile, bila kelele, kama mtu mzima. Mama alimwambia, "Ihangane, mwana wanje, vumilia," akamvuta, naye akajinyofoa. Hakutaka kubebwa na mimi wala bibi yake. Alikwenda mwenyewe akakaa upande wa pili wa kaburi, akatugeuzia mgongo, tukamngoja.

20 Aprili

Hajaongea na mimi. Anaongea na kuku.

23 Aprili

Amekuja na kitabu cha bajaji, amekiweka mapajani pangu. Nimesoma. Tipa likameza, greda likaja. Tulipofika ukurasa kabla ya mwisho alikifunga yeye mwenyewe.

"Imekwisha," akasema.

Kisha akaegemea kifua changu, akalala hapo. Sikusogea mpaka mguu ukafa ganzi.

26 Aprili

Bi Asmahani ameuliza cha tano lini, wateja wanaulizia. Nimemwambia mpaka mtoto aniombe. Akasema sawa, akaenda kumhoji mteja.

29 Aprili

Hakuna wingu hata moja. Mvua imechoka kwanza.

Jioni tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi, mimi, mama na Kunda. Zamani magunzi yalikuwa malori yake, anayapanga foleni na kuyapigia honi kwa mdomo. Leo alikuwa anayapanga tu, madogo upande huu, makubwa upande ule.

Basi la Nurudini likatokea kwenye kona. Tangu siku ile hupunguza mwendo akifika kwetu, na hupiga honi ndefu kwa ajili ya Kunda. Alipiga. Kunda alikuwa amechuchumaa na magunzi yake na hakuinua kichwa.

Tulioinua vichwa ni mimi na mama.